Jogoo wa Misheni Aliponyamaza

Redio zote za Mkalole, ukizungusha kishale mpaka mwisho kabisa wa kushoto, kabla hujaipata Malawi, zilinasa mlio mmoja mwembamba: ti-taa, taa-ti, kimya kidogo, halafu tena ti-taa, taa-ti. Si wimbo, si habari. Ulikuwa mtambo wa misheni, nguzo ndefu ya chuma iliyosimama pembeni ya uwanja wa ndege na nyaya zake, kazi yake ni kuiita ndege. Ndani ya ndege kuna sindano, na sindano ile ilielekea kule mlio unakotoka kama mbuzi anayejua zizi lake. Watu waliubatiza mtambo huo Jogoo. Akiwika, ujue mgeni yuko angani, na wenye mbuzi uwanjani wakafukuze mbuzi wao.

Asubuhi ile, katika mwaka wa mvua za Elnino, Ottilia alikuwa amemfungulia Jogoo kwenye kiredio chake kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa karani wa redio ya mawasiliano ya hospitali, anayezungumza na Songea, na Mbinga, na ndege ikija. Sikio moja alimpa Jogoo. La pili alilipeleka ukuta wa pili, wodi ya wazazi, alikolala binti yake Eliza na uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, hatoki. Daktari wa kupasua hakuwepo. Barabara ya kupanda kwenda Mbinga mlima ulikuwa umeimeza. Basi la mwisho lilikuwa bado limekaa kule juu kwenye tope, abiria wameshuka kwa miguu na kuku wao. Kilichobaki ni ndege.

"Mama Eliza," alisema muuguzi Kunigunda akichungulia mlangoni, Mmatengo wa Kitura aliyezoea kutania hata maiti, lakini leo hakutania. "Imefika wapi?"

"Imetoka Songea. Iko njiani."

"Iambie ikimbie. Mapigo ya mtoto siyapendi."

Kunigunda akarudi ndani. Ottilia akashika kipaza sauti, na wakati huohuo akasikia kitu kilichomfanya akiache mezani. Alisikia kimya. Ti-taa, halafu basi. Akagonga kiredio, akabadilisha mkao wa betri, akakizungusha kuelekea dirishani. Malawi ilisikika vizuri tu, mtu anatangaza sabuni. Jogoo hakuwepo.

Akatazama nje, na pale pale akajua. Barabarani, chini ya mvua nyembamba, watu walikuwa wanapita kimya wamejifunga kanga viunoni. Mwili wa Mzee Zabron ulikuwa umetoka nyumbani.

Mkalole ilikuwa na desturi yake. Maiti ikishavuka kizingiti, mashine zote zinazimwa mpaka udongo wa kwanza udondoke kaburini. Mashine ya kusaga, injini za boti, hata cherehani. Ladislaus mwenye duka la mitumba, ambaye tangu soko huria liingie hakuzima kaseti yake hata padri alipomwomba, siku ya mazishi alizima. Wanasema marehemu akisikia mashine inalia nyuma yake hudhani anaitwa. Anageuka. Na akigeuka, safari hiyo hataiendea peke yake, atatafuta wa kumsindikiza.

Jenereta iliyomlisha Jogoo ilikuwa mikononi mwa Meshack, mume wa Eliza. Na Meshack alikuwa mpwa wa marehemu, mmoja wa wabeba jeneza. Aliiwasha alfajiri kama alivyoagizwa. Mwili ulipotoka, akaizima kama alivyolelewa.

Ottilia alijua pia kwa nini hakusita. Kosa hilo walikuwa wamelipika wote pamoja, na kulicheka.

Mwaka uliotangulia alikuja fundi kutoka Dar es Salaam, Othmar, kijana mnene mwenye tabasamu, amebeba kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kidude hicho, alisema, kinaongea na satelaiti. Unakiweka mahali, unabonyeza, kinapakumbuka mahali pale hadi siku ya kiyama, na ndege ikikibeba itarudi hapo hapo hata rubani akiwa amefumba macho. Watu wa Mkalole walifurahi sana. Lakini mgeni ni mgeni. Hakuna aliyekuwa tayari kumpeleka uwanjani na njaa yake, ikija kusikika huko Dar je? Akaketishwa barazani kwa padri, kando ya kanisa, akaletewa ugali wa muhogo na samaki mbasa mzima. Ottilia mwenyewe ndiye aliyemnawisha. Mvua ikashuka. Othmar akatazama mvua, akatazama mbasa, akasema si mbali, akabonyeza kidude palepale mezani, katikati ya bakuli la mchuzi na jagi la maji.

Uwanja uko ufukweni, tambarare. Kanisa liko kwenye mteremko, na nyuma yake mlima umesimama kama ukuta.

Kapteni Placidi, rubani wao wa siku zote, aligundua siku ya kwanza kukibeba kidude ndani ya ndege, anga likiwa jeupe. Alishuka kwenye ndege akicheka mpaka akashika bawa. "Satelaiti yenu imeokoka," alisema. "Kila nikiiuliza uwanja uko wapi, inanipeleka kanisani." Mkalole nzima ilicheka. Mtu akichelewa ibada anaambiwa akaazime satelaiti. Placidi aliahidi Othmar atarudi kurekebisha, Othmar hakurudi. Basi Placidi akajitungia utaratibu: satelaiti imvushe mawinguni juu ya milima mpaka katikati ya ziwa, maana kwa hilo ilikuwa hodari kuliko macho, halafu akigeuka kuja pwani aiache, amfuate Jogoo mpaka chini. Kila kimoja na kazi yake, na kila kimoja kikimchunga mwenzake. Utaratibu mzuri, ila ulikaa kichwani mwa Placidi na katika vicheko vya watu. Na watu kama Meshack walibaki na nusu moja tu ya habari: kwamba sasa kuna satelaiti, Jogoo ni wa kusindikiza.

Leo Placidi alikuwa amelala Songea na malaria. Aliyekuwa angani alikuwa mwingine.

"Mkalole, Mkalole," redio ilikoroma. "Hapa Kapteni Mansuetus. Nimeshavuka Mbinga na milima, niko juu ya mawingu. Habari za hapo, mama?"

"Salama, Kapteni. Shikamoo ya mgonjwa inakusubiri." Hakujua kwa nini alitania. Ulimi tu.

"Hali ya hewa?"

Ottilia akatazama. Kanisa lilionekana nusu. Msalaba ulikuwa ndani ya wingu. Mlima haukuwepo kabisa. "Wingu limekaa chini. Mvua ndogo. Ziwa linaonekana kidogo ukingoni."

"Haina shida. Radi zinakoroma sana kwenye masikio yangu, nimepunguza sauti ya mtambo wenu ili nikusikie wewe. Lakini sindano imetulia vizuri, na satelaiti inakubaliana nayo. Zote zinaonyesha upande mmoja. Nimeshafika katikati ya ziwa, nageuka, nashuka."

Ottilia akayarudia maneno mawili.

Sindano imetulia. Placidi alikuwa amemwonyesha siku moja, amemkalisha ndani ya ndege uwanjani, amemvika vile vya masikioni, kisha akamwagiza Meshack azime jenereta. Ottilia alitegemea sindano ianguke kama mtu aliyezimia. Haikuanguka. Ilibaki imeelekea palepale, imetulia tuli, kama jicho la mtu aliyekufa kabla hajafumbwa. "Umeona?" Placidi alimwambia, na siku hiyo hakucheka. "Sindano ikifa haikuambii. Mlio ndio roho yake. Ndiyo maana mimi namsikiliza Jogoo mpaka magurudumu yaguse nyasi."

Na ukiwa mbali ziwani, kanisa na uwanja viko upande mmoja. Huwezi kuvitenganisha. Vinaachana ukiwa karibu, na ukiwa karibu umeshachelewa.

Kidole kilikuwa kwenye kitufe cha kipaza sauti. Akisema Jogoo amezimwa, rubani mwenye akili anageuza ndege, anarudi Songea, na hakuna atakayemlaumu. Asiposema, labda. Labda wingu litafunguka. Labda atauona uwanja mapema. Kupitia ukutani alimsikia Eliza, si kelele, ni mguno mfupi wa mtu aliyechoka hata kulia. Labda hiyo moja ilikuwa tamu mdomoni, na Ottilia aliionja kwa kitambo ambacho baadaye hakupenda kukikumbuka.

Akabonyeza. "Kapteni, usishuke."

"Sema tena?"

"Usishuke. Mtambo umezimwa. Sindano yako imekufa, ongeza sauti usikilize, hutasikia kitu. Na hiyo satelaiti inakupeleka kanisani, haikupeleki uwanjani. Nyuma ya kanisa ni mlima."

Mkoromo wa radi ukajaa chumba. Halafu sauti ya Mansuetus, taratibu, sauti ya mtu anayeongea akiwa amesimama ukingoni mwa kitu. "Nani anayajua hayo?"

"Placidi. Sisi wote."

"Wote?"

"Ni utani wetu, baba."

Nje, mahali fulani ndani ya wingu, Ottilia alidhani anasikia injini, chini kuliko alivyotarajia, upande ambao hakutarajia. Mlio ukapanda ghafla, ukanguruma juu ya paa la kanisa, ukaelekea ziwani, ukafifia.

"Napanda," alisema Mansuetus. Pumzi yake ilisikika. "Nazunguka juu ya ziwa. Mafuta yangu si ya kuzunguka sana, mama. Mtambo ukilia nashuka. Usipolia nakwenda zangu, nisamehe."

"Utalia."

Akakitupa kipaza sauti, akatoka bila mwavuli.

Njia ya makaburini ilikuwa utelezi mtupu. Alikimbia ameshika kanga na viatu mkononi, na njia nzima alikuwa akijiuliza jambo ambalo mgeni wa Mkalole angelicheka. Atamwitaje? Tangu Meshack amwoe Eliza, mkwe na mama mkwe hawakuwahi kusemezana uso kwa uso. Akija nyumbani, Ottilia anaingia jikoni. Wakikutana njiani, mmoja anapinda kwenye mihogo. Jina lake hakuwahi kulitamka, alimwita "yule bwana." Hata siku ile ya sindano, Placidi ndiye aliyebeba maneno. Siku zote nyingine aliyebeba maneno baina yao alikuwa Eliza.

Watu walikuwa wameuzunguka mchanga mwekundu. Jeneza lilikuwa bado juu, kwenye kamba. Meshack alikuwa ndani ya kaburi na wenzake wawili, wanasubiri kulipokea, maji ya mvua yamewafika vifundoni. Kaka wa marehemu, Mzee Dunstan, alisimama kichwani kwa kaburi na fimbo yake. Padri alikuwa anafungua kitabu chini ya mwavuli.

"Shikamoo, baba," alisema Ottilia akihema.

"Marahaba. Una nini, mama? Hapa hapakimbiliwi."

"Namtaka yule bwana. Awashe mashine. Ndege iko juu, inaniita, haioni."

"Udongo haujadondoka."

"Najua, baba."

"Unajua, lakini umekuja." Dunstan hakupandisha sauti. "Mdogo wangu bado yuko hapa juu kwenye kamba, anasikiliza. Unataka ageuke? Nani atakayemsindikiza, umeshamchagua?"

Wanawake wakainamisha vichwa. Kila mmoja pale alijua ni nani aliyekuwa amelala hospitalini, mlango wa mauti wazi mbele yake. Ottilia alilijua vilevile. Alitafuta mtu wa kumbebea maneno, akatazama huku na huku, wote wakampa kisogo.

Akasogea ukingoni mwa kaburi, akatazama chini, moja kwa moja usoni mwa mkwe wake. Hakuwahi kuona kwamba kijana ana kovu kwenye nyusi.

"Meshack," alisema.

Mtu mmoja nyuma alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji. Meshack aliinamisha uso, akajificha nusu kwa mkono wenye tope, kama mtu aliyekutwa uchi.

"Meshack mwanangu, nakuita kwa jina mbele ya watu, nitakuja kulipia. Eliza anakufa. Toka humo."

"Si kuna satelaiti, mama?" Sauti yake ilitoka ndani ya shimo, ndogo. "Walisema Jogoo ni wa kusindikiza tu."

"Satelaiti inakwenda kanisani, Meshack. Sote tulicheka. Imepita juu ya kanisa sasa hivi."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wameisikia ile ngurumo, na kumbe kila mtu alikuwa amejidai hakuisikia.

Meshack alimtazama mjomba wake Dunstan. Mzee akatazama jeneza kwa muda, midomo ikitembea, labda anasali, labda anamweleza mdogo wake jambo. Hakusema ndiyo. Aligeuza uso upande wa ziwa, akawa kama mtu asiyeona, na kwa watu wa Mkalole hilo lilitosha. Mikono ikashuka, ikamvuta Meshack juu.

Walikimbia wakiwa wameachana, yeye mbele, mama mkwe nyuma, kama desturi inavyotaka hata siku ile. Bandani kwa jenereta Meshack alivuta kamba ya kuwashia; mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta tena. Unyevu ulikuwa umeingia. Akaifuta plagi kwa shati lake la msiba, akapuliza, akasema neno ambalo mama mkwe hapaswi kulisikia, akavuta. Ikashika. Moshi mweusi ukajaa banda, na mlio wa injini ukatoka, ukatambaa juu ya kijiji kilichokuwa kimya, ukapanda mpaka makaburini. Kule juu watu walisikia. Inasemekana kamba za jeneza zilitetemeka mikononi mwa waliozishika, lakini mikono ile ilikuwa imechoka na imelowa, na mimi nisingeilaumu.

Ottilia alirudi chumbani kwake, akakizungusha kiredio. Ti-taa, taa-ti.

"Kapteni, unasikia?"

Radi. Radi. Halafu: "Nasikia mtambo. Sindano imeruka kama imechomwa. Kumbe mko kulia kwangu. Kulia sana. Nakuja. Usiguse kitu chochote."

Hakugusa. Alikaa na mikono kati ya magoti, akimsikiliza Jogoo akiwika na kupumzika, akihesabu kila pumziko mpaka awike tena. Ndege ilitokea chini ya wingu juu ya maji, ndogo, nyeupe, imeinama upande kwa upepo, ikaja, ikanyooka, ikagusa nyasi.

Eliza alibebwa kwenye machela, Kunigunda kando yake ameinua chupa ya maji ya dripu. Meshack alipanda naye, na tope la kaburi miguuni. Mansuetus, mtu mrefu mwenye mvi chache, hakuzima injini. Alishuka kwa haraka, akazunguka, akainama kwenye gurudumu. Kulikuwa na majani yamenasa pale, marefu membamba, mabichi. Akayachomoa, akayatazama, akayatia mfukoni. Alipoinua uso macho yake yalikutana na ya Ottilia. Akapanda. Wakaondoka.

Baadaye Mzee Dunstan alikuja kwenye chumba cha redio, mazishi yakiwa yamekwisha. Hakubisha hodi. Alikaa kwenye benchi, akaweka fimbo magotini. Ottilia alisimama kumsalimu. Mzee akamwashiria akae.

"Wamefika?"

"Bado, baba."

Wakasikiliza pamoja. Jogoo alikuwa bado analia; hakuna aliyethubutu kumzima, wala Ladislaus hakuthubutu kuwasha kaseti.

Songea iliita jua likiwa limeanza kupenya mawingu. Eliza ametolewa chumba cha upasuaji, ni mzima. Mtoto ni wa kiume, alichelewa kulia, lakini amelia. Ottilia aliiacha meza, akakaa chini sakafuni.

"Mzima," alisema Dunstan. Alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya habari. "Wote wawili?"

"Wote wawili, baba."

"Na ndege?"

"Imeshatua."

"Basi sijui amemchukua nani," alisema mzee, na akatoka. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza kuhusu basi ambalo halijapita.

Jioni Ottilia alipanda kanisani kushukuru. Kwenye ngazi alikuta ncha ya mkaratusi imelala, ndefu kuliko yeye, imekatwa kwa kitu ambacho si panga. Majani yake bado yananukia. Akainua macho. Mti wenyewe ulisimama kando ya baraza la padri, mfupi kuliko jana, na juu yake mlima ulikuwa umejitokeza wote kwenye mwanga, mweusi, karibu kabisa. Akatazama meza ya barazani, pale alipomnawisha Othmar mikono. Kutoka mezani hadi mlimani mtu angeweza kurusha jiwe.

Alikaa kwenye ngazi, akaweka tawi magotini. Kumbe alipokuwa anaionja ile labda, kidole kwenye kitufe, ndege ilikuwa tayari hapa.

Tangu siku hiyo rubani yeyote mgeni akiita Mkalole, hupata jibu la ajabu. Mwanamke wa redio haulizi habari za safari wala hasalimii. Anaanza na mlima. Akimaliza kuusema mlima na kanisa na Jogoo, na rubani akarudia vyote kwa mdomo wake, ndipo anasema karibu. Marubani wengine humcheka. Yeye huwaacha wacheke, kidole kikiwa kwenye kitufe, mpaka wanyamaze.